Mkono Kwanza, Kijidudu Baadaye: Mafunzo Saba Niliyoyapata Maabara

Nilikuwa daktari wa hospitali ya wilaya kwa miaka minne kabla ya kurudi Dar es Salaam kusoma shahada ya uzamili ya mikrobiolojia ya tiba. Miaka hiyo yote niliandika dawa ya seftriaksoni kama mtu anavyoandika jina lake. Siku yangu ya kwanza maabara, mama mmoja mteknolojia, aliyekuwa kazini tangu mimi niko shule ya msingi, aliitikia shikamoo yangu kisha akanisogezea fomu iliyokuja na sampuli ya usaha. Palikuwa na jina, umri na neno moja: "maambukizi".

"Haya dokta," akasema, "wewe ungeanzia wapi hapa?"

Sikuwa na jibu. Mwandiko haukuwa wangu, ila fomu ilifanana na zangu zote. Niliyojifunza tangu siku ile ni haya.

1. Mkono kwanza, kijidudu baadaye. Slaidi yangu ya kwanza ya rangi ya Gram ilitoka nyekundu tupu, nami nikatangaza kwamba ni bakteria wa Gram hasi. Mama akachungulia kwenye hadubini, akacheka. "Mwanangu, hawa ni stafilokokasi. Spiriti umeiacha ikala rangi yote." Kuosha kwa spiriti ni kazi ya sekunde chache, ukizidisha, zambarau huwatoka hata bakteria wenye ukuta wa kuishika. Hans Christian Gram, Mdenmaki aliyeichapisha mbinu hii mwaka 1884, alikiri mwenyewe kwamba ilikuwa na kasoro. Tangu hapo, kabla sijasema lolote juu ya kijidudu, najiuliza mkono wangu umefanya nini.

2. Heshimu jiko. Nilidhani mtu wa shahada ya pili hapiki aga. Nikapangiwa wiki tatu nzima chumba cha kuandalia vyakula vya bakteria: kupima unga, kuchemsha, kutia kwenye otoklevu, kisha kusubiri ipoe hadi nyuzi 50 hivi ndipo nitie damu ya kondoo. Ukiwa na haraka, damu inaiva na sahani inageuka kahawia. Na kweli aga ilitoka jikoni. Mwaka 1881 Fanny Hesse, mke wa mtafiti aliyefanya kazi na Robert Koch, ndiye aliyependekeza itumike badala ya jelatini iliyokuwa ikiyeyuka kwenye joto, kwa kuwa yeye aliizoea katika kugandishia vyakula. Aga hutokana na mwani, jamaa wa ule wanaoulima akina mama wa Zanzibar, ingawa mwani wa Zanzibar hutoa karagini.

3. Sampuli ikiharibika, utaalamu hausaidii. Zamu moja ya usiku nililetewa maji ya uti wa mgongo. Kwa uchovu nikayatia frijini pamoja na mikojo, niyaoteshe asubuhi. Mkojo usiopimwa ndani ya saa mbili unahitaji friji, maana bakteria huendelea kuzaana na kutudanganya kwa wingi wao. Maji ya uti wa mgongo ni kinyume chake: bakteria kama meningokokasi hufa kwa baridi. Nilipoyaotesha, hakikuota kitu. Mpaka leo sijui kama mgonjwa yule hakuwa na kijidudu, au alikuwa nacho nikakiua mwenyewe.

4. Kinachoota si lazima ndicho kinachomfanya mtu augue. Chupa moja ya damu kati ya nne ikiota stafilokokasi wa kawaida wa ngozi, mara nyingi umeotesha ngozi ya mgonjwa, au kidole cha aliyemchoma sindano. Mkojo wenye aina tatu za bakteria nao kwa kawaida umechafuka wakati wa kukinga. Zamani ningetibu vyote viwili.

5. Milimita zina masharti. Tasnifu yangu ilihusu usugu wa bakteria wa mkojo. Wiki mbili mfululizo, kila *E. coli* niliyempima alionekana kuzishinda dawa. Naona haya kuliandika hili: nilifurahi. Usugu wa kutisha hunogesha tasnifu.

Mama akauliza, "Na ATCC 25922 wako anasemaje?"

Huyo ni *E. coli* wa kupimia ubora wa kazi. Kila dawa ina kiwango kinachojulikana cha upana wa duara linalopaswa kubaki wazi kuizunguka diski yenye dawa hiyo. Nilikuwa nimemruka. Nilipompima, naye akatokea "sugu". Kumbe umeme ulikuwa umekatika mwisho wa juma, diski zikapata joto na unyevu, dawa ikapungua nguvu na maduara yakasinyaa.

Mbinu hii, iliyochapishwa na Bauer, Kirby na wenzao mwaka 1966, inadai aga ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimita 4, ukungu wa bakteria wa 0.5 McFarland, joto la nyuzi 35 na saa 16 hadi 18. Ukivunja sharti moja, rula yako itakupa tarakimu safi za jambo lisilokuwepo. Nikaitupa kazi ya wiki mbili. Usugu upo na unaua. Utafiti uliotoka mwaka 2022 ulikadiria vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa nao duniani mwaka 2019. Hauhitaji kuongezewa chumvi na diski zangu mbovu.

6. Karatasi ya Widal si taifodi. Kipimo cha Widal, cha mwaka 1896, hutafuta kingamwili, hakitafuti kijidudu. Kwetu, ambako wengi wamekwisha kukutana na jamii ya salmonela, kingamwili hizo hubaki hata mtu akiwa mzima. Nina wagonjwa niliowatibu "taifodi" mara tatu kwa mwaka. Kuotesha damu ndiko humkamata *Salmonella* Typhi mwenyewe, ingawa nako hukosa wengi, hasa walioanza dawa.

7. Jibu lisilofika wodini si jibu. Ijumaa moja damu ya kichanga iliota bakteria wa klebsiela. Jumamosi nikapata majibu ya dawa: seftriaksoni aliyokuwa akichomwa haikumfaa. Nikaandika ripoti safi, nikagonga mhuri, nikaiweka kwenye trei. Jumatatu niliipeleka mwenyewe wodini. Kitandani alikuwepo mtoto mwingine. "Yule tulimpoteza jana, daktari," muuguzi akaniambia kwa upole. Huenda dawa nyingine nayo isingemwokoa. Lakini simu ilikuwa mezani kwangu siku zote tatu, nami sikuinyanyua. Tangu hapo, kila damu ilipoota maabara, nilipiga simu nikiwa bado na slaidi mkononi.

Nilipohitimu nilirudi wodini, na fomu zangu zimebadilika. Naandika sampuli imetoka wapi, saa ngapi, mgonjwa anaumwa nini tangu lini, na ameshatumia dawa gani. Daktari mwenzangu, fanya hivyo. Nawe msomaji, ukiombwa damu au mkojo kabla ya dozi ya kwanza, toa. Na kama ulishameza kidonge cha dukani bila cheti, kitaje, hakuna atakayekugombeza. Mstari huo kwenye fomu unaandikwa kwa nusu dakika. Usipoandikwa, walioko maabara wanautafuta siku tatu.