Gobore Letu la Kwanza

Somo letu la leo ni juu ya gobore. Wengi wenu mnalijua. Pengine babu yako alikuwa nalo. Pengine lipo mpaka leo juu ya dari, limefungwa kwa gunia, na hakuna anayeligusa. Sisi tunaoandika somo hili tulilishika la kwanza mwaka 2001. Tulikuwa na umri wa miaka 12, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Urambo, mkoa wa Tabora. Kwanza tutaeleza namna chombo hiki kinavyofanya kazi. Halafu tutaeleza yaliyotupata.

Gobore ni bunduki inayopakiwa kwa mdomoni. Bunduki za askari wa leo hupakiwa kwa nyuma, kwa risasi iliyokamilika: ganda, baruti na kichwa chake, vyote pamoja. Gobore halina risasi ya namna hiyo. Kila kitu huingia kwa mbele, kimoja kimoja. Baba alianza na baruti. Akaifuatisha kitambaa, akakisukuma mpaka chini kwa mdeki. Mdeki ni ile fimbo ndefu ya chuma inayokaa chini ya mtutu. Juu ya kitambaa akatia marisaa, yaani vipande vidogo vya risasi, na kitambaa kingine juu yake ili visimwagike. Kazi hiyo yote inaitwa kushindilia. Mtu akiwa na haraka huiona ni ndefu sana, na nguruwe mwitu hawamsubiri.

Mwisho kabisa ni fataki. Fataki ni kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani yake. Huvishwa juu ya kifa, yaani kale kachuchu kadogo nyuma ya mtutu kenye tundu linalokwenda mpaka kwenye baruti. Ukivuta mtambo, nyundo inaipiga fataki, cheche inapita tunduni, baruti inawaka. Magobore ya zamani zaidi hayakuwa na fataki, yalikuwa na jiwe la kutoa cheche. Hayo yaliitwa gumegume. Neno hilo tunalo mpaka leo kwa mwanamume asiyefaa kitu, na aliyewahi kungoja jiwe lile litoe cheche siku ya mvua haulizi kwa nini.

Jambo jingine la kujua ni kwamba mtutu wa gobore ni laini ndani, kama bomba. Bunduki za kisasa zina mifereji ndani ya mtutu inayoizungusha risasi, nayo ikizunguka hivyo huenda mbali bila kuyumba. Risasi ya gobore haizungushwi. Ikishatoka mdomoni hupotea njia upesi. Ndiyo maana wawindaji wa kwetu walisubiri mnyama asogee karibu kabisa.

Je, magobore yalifikaje kwetu? Yalikuja na misafara ya pwani katika karne ya 19. Wafanyabiashara walipanda bara kutafuta pembe za ndovu na watumwa, na bunduki na baruti zilikuwa sehemu ya malipo. Huko Ulaya majeshi yalikuwa yanaanza kutumia bunduki za kupakia nyuma, kwa hiyo zile za zamani ziliuzwa Afrika kwa wingi. Mtemi Mirambo wa Urambo aliwapa rugaruga wake magobore, akapigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, na alitawala njia za misafara mpaka alipofariki mwaka 1884. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na ghala zima la baruti ndani ya boma lake. Januari 1893 Wajerumani walipolivunja boma hilo, Isike aliitia moto baruti ile kuliko kushikwa mzima. Wazee wa Tabora wanaijua sana habari hii.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Gobore letu lilikuwa la babu. Mtutu wake ulikuwa mrefu kuliko sisi, na kitako kilikuwa cha mninga, kimefungwa waya mahali kilipopasuka. Baba hakuwa mwindaji. Alilima mahindi, karanga na tumbaku kidogo, na adui yake alikuwa nguruwe mwitu. Mwaka ule nguruwe walikwisha kula nusu ya karanga. Basi usiku tulilala shambani, juu ya dungu, baba na sisi, gobore likiwa katikati yetu.

Usiku mmoja baba alituambia, "Leo utapiga wewe." Alilishindilia mwenyewe, akavisha fataki, akatuwekea kitako begani. Tulisikia vishindo kwenye karanga. Tukavuta. Loo! Bega lilipigwa kama kwa teke la punda, masikio yakalia, na moshi mweupe ukatufunika hata hatukuona kama tumepata ama tumekosa. Tulikosa. Asubuhi tulikuta nyayo za nguruwe zikielekea msituni, wala hakuna hata tone la damu. Lakini tulikuta kitu kingine: kile kitambaa cha kushindilia kimelala kwenye majani makavu, hatua chache tu kutoka kwenye dungu, bado kinafuka moshi. Baba alikikanyaga haraka. Alisema mioto mingi ya porini huanza hivyo, halafu watu husingizia warina asali.

Toka siku ile tulijiona tumekuwa wakubwa. Tulilibeba gobore kwenda na kurudi shambani. Tulijua kila sehemu yake. Au tulidhani tunajua.

Mwezi wa nne baba alisafiri kwa mambo ya tumbaku. Baba mdogo alikuja kulinda shamba badala yake. Alilitoa gobore ndani, akalitazama, akatuuliza, "Lina kitu hili?" Tulitazama kwenye kifa. Hakukuwa na fataki. Tukajibu, "Halina, baba mdogo."

Kumbe lilikuwa nacho. Baba alilishindilia wiki mbili kabla ya hapo, nguruwe wasitokee, naye akatoa fataki tu kisha akalirudisha ndani. Sisi tulikuwepo alipolishindilia. Tulisahau. Baba mdogo akaamini neno la mtoto, akashindilia mara ya pili juu ya ile ya kwanza. Usiku ule alipofyatua, mtutu ulipasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Ulikuwa mzee, umeliwa na kutu kwa ndani, haukuweza kubeba mzigo wa mara mbili. Alipoteza vidole viwili, na uso wake ulichomwa na baruti. Jirani alimpakia kwenye baiskeli mpaka zahanati, sisi tukikimbia nyuma na taa.

Katika somo hili tunataka jambo moja lieleweke vizuri. Fataki ikitoka, gobore halijawa tupu. Baruti na marisaa bado vimo chini ya mtutu, na kwa nje huwezi kuviona. Wazee waliokuwa waangalifu walikuwa na njia yao. Gobore likiwa tupu kabisa, walitia mdeki mpaka chini, wakauchora alama pale unapoishia mdomoni. Siku nyingine mdeki ukiingia na ile alama ikabaki juu ya mdomo, maana yake chini kuna kitu. Alama moja tu ya kisu! Mdeki wetu haukuwa nayo. Babu huenda alikuwa anakumbuka kila kitu kichwani, lakini babu alikwisha kufariki mwaka 1994.

Na hapo ndipo lilipotokea la pili. Mganga wa zahanati alitoa taarifa, kama inavyompasa, na polisi wakaja. Waliomba leseni. Baba, ambaye alikwisha kurudi, akatoa karatasi iliyokuwa imekunjwa ndani ya kopo la majani ya chai. Aliitunza sana karatasi ile. Askari akaisoma, akauliza, "Huyu ni nani?" Jina lilikuwa la babu. Miaka saba baba alikuwa analinda shamba kwa leseni ya marehemu, naye hakujua, kwa sababu hakujua kusoma. Sisi tulijua kusoma toka darasa la pili, ila hatukuwahi kulifungua kopo lile. Polisi walichukua vipande vya gobore. Baba aliitwa mara tatu wilayani kueleza. Jioni ya siku ya tatu alituambia tukae naye karibu na taa, akatuomba tumwonyeshe jina la babu linavyoandikwa, na lake linavyoandikwa. Mwaka uliofuata alijiandikisha darasa la watu wazima.

Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Gobore nalo ni silaha, hata kama ni la kizamani, hata kama limetengenezwa na mhunzi wa kijijini. Hayo ya mhunzi yana hatari ya pekee, maana mengine mtutu wake ni bomba la maji, na bomba la maji liliundwa kupitisha maji. Leseni ni ya mtu aliyeandikwa jina. Mwenyewe akifariki, mtoto harithi leseni pamoja na gobore. Huna budi kutoa taarifa polisi. Miaka ya karibuni serikali imetoa vipindi vya msamaha ili watu wasalimishe silaha wasizo na kibali nazo. Matangazo yake hupita redioni.

Basi ukilikuta la marehemu juu ya dari, usilichezee. Usilisogeze karibu na jiko wala taa, usivute mtambo kujaribu. Lihesabu kwamba lina kitu ndani. Baruti ikikaa miaka mingi lakini ikawa kavu, bado inawaka. Watoe watoto, kisha umwite mtendaji wa kijiji au askari waje walichukue wenyewe. Na ile karatasi, kama ipo, isome jina lililoandikwa.

Baba mdogo yu hai. Anatundika mizinga, na kamba anaifunga kwa vidole vitatu na meno. Hajawahi kutulaumu. Tunapomtembelea akiwa na chombo chochote mkononi, hata mtungi wa asali, hutuuliza, "Kina kitu hiki?" nasi hukifunua kwanza ndipo tunajibu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi: Kwa nini mtoto alidhani gobore ni tupu? Alama ya kwenye mdeki inasaidia nini? Nyumbani kwenu ni karatasi gani imetunzwa ambayo hakuna aliyewahi kuisoma?