Kabla Hujaiamini Kanzidata ya Vinasaba

Majibu ya kipimo cha vinasaba yakifika Matai, wilayani Kalambo, Tanzania, tabibu hufungua kanzidata ajue badiliko lililoandikwa lina maana gani. Asianze na badiliko hilo. Aanze na analolijua vizuri: selimundu.

Tafuta rs334. Ni badiliko la herufi moja kwenye jeni ya HBB, kromosomu ya 11. Kanzidata nzuri itakwambia kuwa anayerithi nakala mbili anaugua, na kwamba Afrika limeenea sana. Ikishindwa hapo, achana nayo. Kagua na namba: kwenye ramani ya jenomu ya GRCh37 badiliko hilo liko 5248232, kwenye GRCh38 liko 5227002. Kanzidata isiyotaja ramani yake itakupeleka pasipo, nawe usijue umepotea.

Kisha uliza: waliopimwa ni akina nani? Hapa usiwe na haraka. Mradi wa Jenomu 1000, uliokamilisha matokeo yake 2015, ulisoma watu 2504 wa jamii 26. Afrika Mashariki iliwakilishwa na Waluhya wa Webuye, Kenya, basi. Mfipa hayumo, Mlungu hayumo, Mmambwe hayumo. Badiliko likiitwa adimu humo, ni adimu kwa waliopimwa. Kwa mtoto wa Kalambo huenda ni la kawaida kabisa, na kumwita mgonjwa kwa sababu hiyo ni kumwonea.

Ushahidi upo hapahapa nchini. Badiliko linalowawezesha watu wazima wa Ulaya kumeng'enya maziwa liko nafasi ya 13910 kabla ya jeni ya kimeng'enya cha maziwa. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kuwa wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya wana lao, nafasi ya 14010. Aliyetafuta lile la Ulaya peke yake angesema maziwa hayawafai watu waliokulia maziwani.

Kwenye ClinVar, kanzidata ya Marekani, tazama nyota. Hazipimi ukali wa ugonjwa, zinapima uhakiki wa tafsiri: 3 ni jopo la wataalamu, 4 ni mwongozo wa tiba. Nyota 1 yaweza kuwa kauli ya maabara moja, au maabara zinazopingana, kwa hiyo fungua usome nani alisema nini na lini.

Mwisho, andika kwenye faili la mgonjwa jina la kanzidata, toleo na tarehe uliyoitazama. Akipewa rufaa ya Sumbawanga au Mbeya, karatasi hiyo iende naye, maana tafsiri hubadilika na daktari wa huko lazima ajue wewe ulisoma ipi.