Pedi ya Namba: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Ile pedi ya vitufe 17 upande wa kulia wa kibodi iliundwa uingize namba bila kuitazama. Macho yakae kwenye ankara. Anayetazama pedi haoni karatasi, na hapo ndipo 45,000 inapogeuka 54,000. Tumechoka kukesha kila mwisho wa mwezi tukiyawinda makosa hayo.

MKONO: FANYA

Weka kidole cha kati kwenye 5. Kitufe hicho kina kinundu. Kimewekwa makusudi, kipapase. Cha shahada kikae kwenye 4, cha pete kwenye 6, gumba kwenye 0, na kidole cha mwisho kishike + na Enter. Kila kidole kipande na kushuka kwenye safu yake.

Tazama taa ya Num Lock kabla ya namba ya kwanza. Ikiwa imezimwa, 7 inakutupa mwanzo wa mstari, 1 mwishoni, na kitufe cha nukta kinafuta. Lawama ziende kwa kompyuta ya IBM ya 1981: haikuwa na vishale vya peke yake, pedi ikabebeshwa kazi mbili. Vishale vilipata mahali pao miaka michache baadaye. Num Lock ikabaki kututesa.

Vuta kipanya karibu. Pedi hukisukuma mbali, na bega ndilo linaloumia. Kama kazi yako ni barua tupu, nunua kibodi isiyo na pedi.

MKONO: USIFANYE

Usidonoe kwa kidole kimoja.

Usije na mazoea ya simu. Simu ina 1, 2, 3 juu. Pedi ina 7, 8, 9. Pedi ilirithi mpangilio wa mashine za kujumlisha. Ule wa simu ulichaguliwa na Bell Labs ya Marekani baada ya kujaribu mipangilio kadhaa kwa watu, na matokeo yakachapishwa 1960. Hakuna atakayekubadilishia. Wakala anayeshinda kwenye simu, kisha jioni akaingiza hesabu kwenye kompyuta, huandika 1 badala ya 7 na 3 badala ya 9. Dalili yake ni hiyo: 4, 5, 6 na 0 ziko salama, makosa yote yako juu na chini.

Usinywee chai juu ya pedi. Kitufe cha 0 kilichonata sukari hakiaminiki tena.

NAMBA: FANYA

Panga safu ya Excel ishike maandishi kabla ya kuingiza namba za kitambulisho cha NIDA na za simu. Kabla, si baada. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. NIDA ina 20. Tano za mwisho zinageuka sifuri papo hapo, na kubadili mpangilio baadaye hakuzirudishi. Namba ya simu nayo inapoteza 0 ya mwanzo. Orodha ya wanachama wa SACCOS ikiharibika hivyo, dawa ni kurudi kwenye fomu, moja baada ya nyingine. Mtu mzima anayejua kusoma hapaswi kufikishwa huko.

Hesabu zikikataa kuwiana, gawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku kwanza tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi: 54,000 kutoa 45,000 ni 9,000. Sifuri iliyozidi mwishoni huacha alama ileile. Watu wanapekua mafaili mchana kutwa kwa kutojua hesabu hii ya darasa la nne.

NAMBA: USIFANYE

Usijihakiki mwenyewe kwa kukodolea skrini. Jicho huona linachotarajia. Mwenzako asome karatasi kwa sauti, wewe ufuate kwenye skrini, tarakimu kwa tarakimu. "Elfu hamsini na kitu" si kusoma.

Usiandike jumla kwa mkono. Kompyuta inajumlisha, iache ijumlishe.

Usibonyeze Enter ya malipo kwa mwendo uleule wa kuingizia ankara. Inua mkono. Hesabu sifuri. 500,000 ikitoka badala ya 50,000, utaandika barua benki, utapiga simu, utasubiri, na aliyelipwa huenda ameshazitumia pesa hizo.