Wingi wa Mkojo Si Kipimo cha Uzima wa Figo

Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la juu la damu anapoelezwa kwamba figo zake zimeanza kudhoofika, mara nyingi huuliza kwa mshangao: "Mbona mkojo napata kama kawaida?" Swali hilo linastahili jibu kamili, kwa kuwa wapo wanaochelewa kupimwa kwa kuutegemea mkojo kuwa shahidi wao, hadi siku wanapohitaji kusafishwa damu kwa mashine.

Kuchuja na kurejesha

Figo mbili zimekaa nyuma ya tumbo, chini ya mbavu, kila moja ikikaribia ukubwa wa ngumi. Mtu anapokuwa ametulia, hupokea takriban sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, viitwavyo nefroni. Kila nefroni ina sehemu kuu mbili: fundo la mishipa myembamba ya damu, ambalo huchuja, na mrija unaopokea kilichochujwa.

Katika fundo, msukumo wa damu hupenyeza maji, chumvi, sukari na taka, huku chembechembe za damu na karibu protini zote zikibaki. Kwa mtu mzima mwenye afya, maji yanayochujwa hufikia lita 180 hivi kwa siku. Maji ya damu yote ni lita 3 tu; maana yake, yaleyale huchujwa takriban mara 60 kila siku. Kwa njia hiyo mwili huondoa urea, inayotengenezwa na ini kutokana na protini, na kreatinini, inayotoka kwenye misuli.

Lita 180 zingetoka zote, mtu asingemaliza siku akiwa hai. Ndipo kazi ya mrija inapoonekana: hurejesha kwenye damu karibu asilimia 99 ya maji, pamoja na sukari na chumvi ambazo mwili bado unazihitaji. Kinachobaki, kwa kawaida lita 1 hadi 2, ndicho mkojo.

Kiasi cha maji kinachorejeshwa huamuliwa kwa sehemu kubwa na ubongo. Mkulima akishinda juani bila kunywa maji, damu yake hukolea. Ubongo huamsha kiu na kutoa homoni iitwayo vasopresini, inayoiamuru mirija kurejesha maji zaidi. Mkojo huwa kidogo na wenye rangi iliyokoza. Akinywa maji ya kutosha, homoni hiyo hupungua, na mkojo huwa mwingi na mweupe. Kwa hiyo, rangi na wingi wa mkojo hueleza zaidi habari za maji kuliko habari za taka.

Hesabu inayofichika

Chukua mtu ambaye figo zake huchuja lita 180 kwa siku na kurejesha 178. Anapata mkojo lita 2. Mwingine, ambaye vichujio vyake vingi vimekufa, huchuja lita 20 na kurejesha 18. Naye anapata mkojo lita 2. Kwa macho hawatofautiani, lakini damu ya huyu wa pili inasafishwa mara tisa pungufu, na taka zinazidi kujikusanya.

Tena, figo zinazodhoofika hupoteza mapema uwezo wa kukoleza mkojo, hivyo mgonjwa huweza kuamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo. Dalili hiyo husababishwa pia na sukari kupanda au kuvimba kwa tezi dume, hivyo ichunguzwe.

Vipimo vinavyosema kweli

Vipimo viwili hutoa ushahidi. Cha kwanza ni kreatinini katika damu. Mhudumu wa afya asiishie kutazama kama namba iko ndani ya kiwango cha kawaida, kwa sababu inaweza kubaki humo hata karibu nusu ya uwezo wa kuchuja ikiwa imepotea, hasa kwa wazee na waliokonda, ambao misuli yao ni michache. Akokotoe kasi ya uchujaji kwa kuzingatia umri na jinsia. Ikiwa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa miezi mitatu au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Cha pili ni protini aina ya albumini katika mkojo, ambayo huweza kuonekana hata kabla kasi hiyo haijashuka.

Mwenye kisukari au shinikizo la juu la damu apimwe vyote viwili walau mara moja kwa mwaka, hata kama hajisikii vibaya. Adhibiti sukari na shinikizo la damu, na asitumie diklofenaki au ibuprofeni bila ushauri, kwani dawa hizo huweza kupunguza damu inayofika kwenye vichujio, hasa mtu anapoharisha au kutapika. Kunywa maji mengi kupita kiasi hakufufui vichujio vilivyokufa. Kwa mgonjwa aliyevimba miguu, huweza kumzidishia uvimbe na kumletea shida ya kupumua. Majibu ya kila kipimo yaandikwe kwenye daftari la kliniki na kulinganishwa na ya mwaka uliotangulia, maana kushuka kwa kasi ya uchujaji huonekana kwenye namba hizo miaka mingi kabla ya mkojo kupungua.