SOMO LA IJUMAA: NENO «QARANFUL» LIMETOKA WAPI?



Wako wanaodhani kwamba kila neno la Kiarabu limezaliwa Uarabuni, na kwamba neno lililotoka kwa wageni ni pungufu. Basi tulitazame neno moja: qaranful, yaani karafuu.

Waarabu wa leo hulitumia kwa vitu viwili: kiungo tunachotia katika pilau na chai, na ua la bustani ambalo Wafaransa huliita oeillet, lenye harufu iliyo karibu na ya karafuu. Na karafuu yenyewe ni ua: ni tumba linalochumwa kabla halijafunguka, kisha huanikwa juani.

Asili ya mkarafuu si Uarabuni. Ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Biashara iliipeleka karafuu India, kisha magharibi, na jina likasafiri pamoja na mzigo. Wagiriki waliiita karyophyllon. Wataalamu wengine husema Waarabu walilipokea neno kwa Wagiriki. Wengine husema wote wawili walilipata India. Lakini mshairi Imru' al-Qays alilitaja katika kasida yake kabla Mtume (s.a.w.) hajazaliwa. Baadaye sisi Waswahili tukalipokea, likawa karafuu.

Mtauliza: na maneno ya Qur'ani je, kama zanjabil na kafur katika Suratul Insan? Maulamaa walijadiliana. Imam Shafii (aliyefariki mwaka 204 Hijria) alisema ndani ya Qur'ani hamna lisilo Kiarabu. Wengine walisema mna maneno yenye asili ya kigeni. Abu Ubayd al-Qasim bin Sallam (aliyefariki mwaka 224) akawapatanisha: asili yake ni ya wageni, lakini Waarabu waliyachukua, wakayatengeneza kwa ndimi zao, yakawa Kiarabu kabla Qur'ani haijashuka. Kwa hiyo pande zote mbili zimesema kweli.

Ndugu zangu, tushike funzo hili. Neno halikuulizwa lilizaliwa wapi. Lilipokaa likatumika, likawa la nyumbani. Basi tusimcheke ndugu kwa Kiswahili chake cha Kindu au cha Bukavu, wala tusimwambie aliyesilimu jana kwamba dini si ya babu zake. Aliyeingia nyumbani na akatoa shahada ni mwenye nyumba.

Wabillahi tawfiq.