Mwalimu Kupwewa na Sauti: Asili Yake na Jinsi ya Kujikinga

Seremala msumeno wake ukivunjika hununua mwingine, na mkulima wa ngano pale Timau trekta lake likizimika humwita fundi. Mwalimu hana duka la kununulia sauti. Hata hivyo mimi niliyesomea kazi hii sikufundishwa hata siku moja sauti hutoka wapi, wala huharibiwa na nini. Kwa hiyo katika habari hii nataka kueleza kwa nini walimu hupwewa na sauti kuliko watu wengine, na jambo gani lifanywe.

Ndani ya kikoromeo, kile kitu kigumu kionekanacho shingoni mwa mwanamume kikipanda na kushuka anapomeza, mna kunjo mbili za nyama laini ziitwazo nyuzi za sauti. Urefu wake haupiti pingili moja ya kidole. Pumzi ipandapo kutoka mapafuni, kunjo hizo hukutana na kuachana upesi mno: kwa mwanamume yapata mara 100 kwa sekunde, na kwa mwanamke yapata mara 200. Hesabu mwenyewe. Mwalimu wa kike akisema kwa muda wa saa moja tu kwa jumla, nyuzi zake zimekwisha gongana mara 720,000. Hiyo ni sababu moja ya walimu wa kike kuugua zaidi, wala si kwamba wanasema sana, kama wenye mzaha wadaivyo.

Mmoja wa watu wa kwanza kuziona nyuzi hizo zikifanya kazi katika mtu aliye hai hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kuimba, Manuel García, Mhispania aliyekaa London. Mwaka 1854 alijitia kooni kioo kidogo cha daktari wa meno, akaelekeza mwanga wa jua kwa kioo cha pili, akatazama koo lake mwenyewe.

Mtu akipaza sauti kwa nguvu, kunjo hizo hugongana kwa kishindo, zikavimba, kama kiganja cha mtu asiyezoea jembe. Akipumzika, uvimbe hupoa. Asipopumzika, mahali pa kugongana huota vinundu, mfano wa sugu ya mkononi. Nyuzi zenye vinundu hazifungi sawasawa. Pumzi hupita ovyo na sauti hutoka na mkwaruzo. Hapo mwalimu hukaza shingo na kusukuma zaidi, na madhara huongezeka.

Sasa tazama hali ya Timau. Mji huo uko juu, kupita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kaskazini-magharibi ya Mlima Kenya, upande usiopata mvua kama ule wa mji wa Meru. Hewa yake ni ya baridi na kavu, na wakati wa kiangazi upepo huinua vumbi katika mashamba yaliyolimwa. Nyuzi za sauti hutaka unyevu daima, na hewa kama hiyo huzikausha. Ongeza hapo vumbi la chaki na moshi wa kuni nyumbani.

Lakini adui mkubwa ni kelele. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akiwa penye kelele hupaza sauti bila kujua. Sauti yapanda yenyewe. Basi fikiri mvua ikianguka juu ya bati lisilo na dari chini yake, na chumba kimejaa watoto. Karo ya shule za msingi ilipoondolewa Kenya mnamo Januari 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka shuleni mwaka huo. Lilikuwa jambo jema, nami sitaki kusikia mtu akililaumu. Walakini vyumba havikuongezeka kwa kadiri ile, na wengi wetu tulijikuta mbele ya watoto 80.

Mwaka ule nilifundisha darasa la nne katika shule moja ya sehemu hizo. Kila Ijumaa jioni sauti ilikuwa imekwisha, na Jumatatu imerudi. Nikadhani ni mafua. Nikanywa chai ya tangawizi, nikanyonya peremende za koo. Mwezi wa Oktoba Jumatatu ilifika na sauti haikurudi. Kwa wiki mbili nilifundisha kwa kunong'ona, nikidhani ninaipumzisha, kumbe kunong'ona kwa nguvu kwaweza kuzikaza nyuzi vilevile. Mtoto mmoja wa mbele akawa mkalimani wangu, na hesabu alizowapasha wenzake hazikuwa zile nilizosema mimi. Mkubwa wangu alidhani nategea kazi. Nilipewa barua ya onyo, nami sikuwa na sauti ya kujitetea.

Tabibu wa koo aliyenitazama hakunipa dawa ya chupa. Aliniuliza nasimama wapi darasani. Nilikuwa nasimama ubaoni, na kusema huku nimewapa watoto mgongo. Akaniagiza nisimame katikati yao. Ningoje kimya kwanza, kwa kuinua mkono au kugonga meza. Mvua ikianza watoto waandike nami ninyamaze. Na kiwanjani nitumie filimbi. Kitambaa cha kufutia ubao kiloweshwe. Maji yanywewe kidogo kidogo mchana kutwa, kwa kuwa hayapiti juu ya nyuzi zenyewe, bali huzifikia kwa njia ya damu, polepole. Kukohoa ili kusafisha koo kuachwe. Kumeza mate kwatosha. Sigara ni mbaya, na kwa kuwa tuko Meru sina budi kutaja miraa pia: hukausha kinywa na koo.

Maagizo hayo ni mazuri, lakini yana mpaka. Mwaka 2004 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa walimu 1,243 wa majimbo ya Iowa na Utah, huko Marekani. Asilimia 57.7 kati yao walikuwa wamepata kuugua sauti maishani. Kwa watu wa kazi nyingine ni asilimia 28.8. Na katika jaribio la mwaka 2002, walimu waliopewa kipaza sauti kidogo cha kujifunga mwilini walipata nafuu, hali wale waliofundishwa tu kanuni za kutunza koo hawakupata nafuu ya kutosha. Kwa hiyo mkuu wa shule anayewaambia walimu wake wanywe maji, kisha akawaachia watoto 80 chini ya bati tupu, hajawasaidia sana. Kamati ya wazazi ikiwa na fedha kidogo, yafaa ifikirie dari, au kipaza sauti cha betri.

Sauti ikikaa zaidi ya wiki tatu bila kupona, mwalimu asingoje likizo. Aende hospitali kubwa ya Meru au ya Nanyuki, aulize matabibu wa masikio, pua na koo, atazamwe kwa kioo au kwa mpira mwembamba wenye taa. Akitema damu, akiona taabu kumeza au kupumua, au uvimbe ukitokea shingoni, aende siku hiyohiyo, maana saratani ya koo nayo huanza kwa kupwewa na sauti, na ikijulikana mapema hutibika. Kabla ya kuondoka nyumbani aandike kwenye karatasi sauti ilianza lini kuharibika, na huwa mbaya saa ngapi, ili asilazimike kueleza yote kwa mdomo.