Plaisi ya Mfukoni: Nijitengenezee au Niitume?

Tangu mahindi yaanze kuvunwa, meza yangu hapa sokoni Naitiri imejaa zile plaisi za kukunja zenye kisu, tupa na bisibisi ndani ya mpini mmoja. Watu huziita Leatherman zote, hata zisizo ndugu wa Leatherman. Barua nazo zimejaa. Za kuuliza namna ya kuikunja na kuikunjua sijibu. Anayeshindwa na hilo amuuzie mwingine. Nimechukua zinazoninyima usingizi.

Fundi, kisu cha plaisi yangu ni butu. Jirani ameniambia nikipitishe kwenye grainda, kisha nikichome kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, nikizamishe kwenye oili kirudishe ugumu. Ni sawa? (Kiminini, na wengine wanne)

Jirani yako amechukua elimu ya jembe akaipeleka kwa kisu.

Tuanze na grainda. Ukingo wa kisu ni mwembamba, na jiwe la grainda likiugusa, joto halina pa kukimbilia. Kwenye chuma cha kawaida, kama cha panga, joto likifika nyuzi 220 hivi ukingo unakuwa na rangi ya majani makavu, unapita kwenye zambarau, na karibu na 300 unakuwa buluu. Watu hudhani ni moshi, wanafuta kwa kitambaa. Si moshi. Ni ugumu uliotiwa kiwandani unaondoka mbele ya macho yako. Kwa chuma kisichoshika kutu ni mbaya zaidi, kwa sababu rangi huchelewa kutokea: ukiiona, joto limeshapita mbali. Kisu hicho kitanoleka, tena kitang'aa, lakini ukikata kamba tatu za magunia makali yamelala. Najua harufu yake kwa sababu cha kwanza kuungua mikononi mwangu kilikuwa changu.

Sasa makaa. Mhunzi anayefua panga kutoka springi ya lori anajua anachofanya. Anachoma mpaka sumaku isishike tena, kama nyuzi 770, anaongeza kidogo, anazamisha, kisha anapasha tena taratibu ili panga lisivunjike kama glasi. Chuma chake kinakubali hayo. Visu vingi vya Leatherman ni vya chuma kiitwacho 420HC, chenye kromu nyingi, na hicho hakitii chini ya nyuzi 1,000. Moto wa mvukuto unaweza kufika huko, lakini hauna kipimo, na ukikosea unabaki na kipande kilichopinda, chenye maganda meusi, ambacho hata jiwe linakikataa. Wala sijataja springi iliyo kando yake, iliyoungua bila kosa.

Tumia kinoo, maji na subira. Kisu chenye upana wa milimita 18, inua mgongo wake kama milimita 6 kutoka kwenye jiwe, sukuma ukingo mbele kana kwamba unataka kukwangua jiwe, kisha geuza. Shika pembe hiyo hiyo mwanzo hadi mwisho. Nusu saa inatosha. Kama huna nusu saa, niletee. Mimi ninayo, ila naiuza.

Oili chafu ya pikipiki inafaa kulainisha kiungo?

Hapana. Ina masizi na unga wa chuma. Ni kujitilia tupa ndani ya kiungo. Tone moja la mafuta ya cherehani.

Plaisi yangu inacheza. (Barua saba: Ndalu, Tongaren, Brigadier, Kamukuywa. Mmoja ameigonga kwa nyundo, mmoja ametia kipande cha bati, mmoja anataka ichomelewe.)

Kuchomelea ni kuizika. Anayetaka hivyo asinitafute.

Kwanza ioshe. Nusu ya zinazoletwa kwangu hazijalegea. Zimejaa vumbi la barabara na unga wa mahindi ulioshikana na mafuta. Maji ya moto, sabuni, mswaki mkuukuu, ianike kabisa, tone la mafuta. Kisha tazama kiungo. Kama kina skrubu ya nyota, kaza robo ya mzunguko, ijaribu, kaza tena kidogo. Ikianza kugoma kufunguka, umepita. Usiingize bisibisi bapa kwenye tundu la nyota. Wote walioniletea skrubu zilizolika walianzia hapo. Kama kina ribiti, iweke juu ya chuma kizito na uigonge mara moja, kidogo, ujaribu. Nyundo haina njia ya kurudi.

Lakini kabla ya kugusa chochote, jiulize kama ni halisi. Leatherman wana dhamana ya miaka 25, na Victorinox wa Uswisi huahidi maisha yote kwa kasoro za chuma na za utengenezaji. Wote wawili hawalipii ubovu wa matumizi mabaya. Bati lako na nyundo yako vitaonekana.

Nilikata waya wa stima, ukalia “paa!”, sasa sehemu ya kukatia ina shimo. Kampuni itanibadilishia?

Wewe uko hai, ndugu yangu, na bado unadai. Stima ya nyumbani ni volti 240 na mpini wa plaisi hiyo ni chuma kitupu. Shimo hilo ni chuma kilichoyeyuka, na si kosa la kampuni. Kama ni Leatherman ya aina ya Wave+, visu vya kukatia waya hufunguliwa na kubadilishwa. Kama si hivyo, kata kwa sehemu iliyobaki nzima, na uzime swichi kubwa kwanza.

Nilinunua Leatherman kwa shilingi 400 stendi ya Kitale. Niitume wapi?

Popote. Si Leatherman.

Tunaweza kutumia kisu cha plaisi kwa tohara ya imbalu mwezi wa nane?

Hapana! Kisu hicho kimekata kamba, dawa ya kupe na maembe.

Baba alituachia yake, nzito, ya zamani, springi moja imekatika. Shemeji yuko Marekani. Tumpe aipeleke?

Njia ya shemeji ni nzuri. Kampuni ya Leatherman iko Portland, Oregon, na kutuma mwenyewe kwa kuria kunaweza kula bei ya nyingine mpya. Aiweke kwenye begi la kupakiwa, si la mkononi, la sivyo itabaki uwanja wa ndege.

Ila mama, jambo moja. Kampuni huchagua yenyewe kutengeneza au kubadilisha, na kama ni ile ya kwanza kabisa, PST, iliyoanza kuuzwa 1983, hawaiundi tena. Mnaweza kuletewa mpya inayong'aa, isiyo na alama ya meno ya marehemu kwenye mpini. Springi moja haizuii plaisi kukamata wala kisu kukata. Mimi nisingeituma. Ileteni siku ya soko niioshe, niinoe, kisha mtaamua mkiwa mmeishika.